Siku Bila Shusha

Watu wengi hapa Pruitt Fork wanadhani kufundisha ushangiliaji ni kuwafundisha wasichana kutikisa vishada na kupiga kelele. Waje wabebe. Waje wasimame chini ya binti wa kilo arobaini na tano aliyesimama kwa mguu mmoja juu ya viganja vyao, mikono imenyooka juu ya vichwa, huku wanahesabu mpaka nane bila kuyumba. Kazi hiyo nimeifanya miaka ishirini na miwili katika shule ya sekondari ya wilaya yetu, huku milimani mashariki ya Kentucky, na kwa miaka yote hiyo, kasoro mmoja, sikupeleka mtoto hospitali ila kwa pua za damu na vifundo vya miguu vilivyoteguka.

Naitwa Darla Stidham, watoto huniita Kocha D. Nina mdomo, sikatai. Kanuni za usalama, kumi na mbili, nilizibandika kwenye ukuta wa ukumbi wa michezo kwa herufi kubwa ambazo hata asiye na miwani angezisoma, na aliyezivunja alinisikia. Kucha fupi. Nywele zifungwe. Hereni, mkufu, pete, vyote kabatini. Bigijii itemwe. Hakuna kurushana juu ya sakafu tupu, hakuna kubebana uwanjani kama nyasi zina maji, hakuna mtu kwenda juu kama mimi sipo natazama kwa macho yangu mawili. Kila anayepanda juu ya mabega awe na mtu nyuma yake wa kumdaka. Mwaka mmoja nilimtoa mazoezini binti wa mchungaji kwa sababu ya kipini alichotoboa kitovuni, na mama yake akaninunia kanisani mpaka Pasaka.

Kanuni ya mwisho ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Ilisema: yeyote akisema "shusha," tunashusha. Yeyote maana yake yeyote. Aliye juu, walio chini, aliye nyuma, mimi, hata mfagizi akiwa anapita na ndoo yake. Hakuna kuuliza kwa nini, hakuna kubishana. Binti anateremshwa taratibu, miguu inagusa godoro, halafu ndiyo tunazungumza.

Sasa, miaka mitatu iliyopita nilipata kundi lenye mizaha. Waliigeuza kanuni hiyo kuwa mchezo. Mmoja alisema shusha kwa sababu anacheka, mwingine kwa sababu kaona nondo akiruka, mwingine kwa sababu simu yake imelia kabatini. Tulikwenda kwenye mashindano ya kanda tukiwa hatujawahi kumaliza onyesho zima hata mara moja, tukashika mkia, na nikarudi kwenye basi sisemi na mtu.

Hapo ndipo nilipotengeneza ule ubao. Baba yangu, Orville, alichimba makaa ya mawe miaka thelathini, na langoni mwa mgodi kulikuwa na ubao wa kuhesabu siku walizokaa bila ajali. Kila asubuhi msimamizi alibadilisha namba. Wakifika siku mia, kila mchimbaji alipewa jaketi lenye jina la mgodi mgongoni, na baba yangu alilivaa lake kanisani, dukani, hata kwenye harusi ya dada yangu. Mimi mtoto niliuona ubao ule kuwa kitu cha fahari kushinda bendera ya posta. Basi nikanunua ubao mweupe na kalamu nyekundu, nikaandika SIKU BILA SHUSHA, nikautundika kando ya zile kanuni. Mkifika siku hamsini, niliwaambia, kila mtu anapata jaketi jekundu lenye jina lake.

Ulifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Shusha za mzaha zilikwisha wiki ile ile. Anayesema shusha alikwenda mwenyewe ubaoni, akafuta namba kwa mkono wake, akaandika sifuri, na wenzake wakampigia makofi ya polepole mpaka amalize. Makofi hayo waliyaanzisha wao. Mimi nilicheka nao.

Mwaka huu kundi langu bora lilikuwa la watu wanne. Mbebaji mkuu, yule anayeshika mguu chini, alikuwa Josie Caudill, miaka kumi na saba, binti wa fundi wa matrekta, mabega mapana na maneno machache. Rae-Lynn alimsaidia upande wa kulia. Mackenna alisimama nyuma kudaka. Juu alipanda Brylee Sizemore, miaka kumi na mitano, aliyelelewa na bibi yake Verna, mwepesi wa mwili, na ulimi wake ulinishinda hata mimi.

"Trekta," alikuwa akimwambia Josie kila alasiri huku akimwekea mguu mkononi, "leo umejaza mafuta?"

"Panda huko, wee kiroboto."

"Ukiniangusha utanifanyia hesabu mwaka mzima."

"Kwani sasa hivi nani anakufanyia?"

Walipendana wale, hilo lieleweke. Josie ndiye aliyempitia Brylee asubuhi na gari bovu la baba yake, kwa sababu macho ya Bibi Verna hayamruhusu tena kuendesha.

Ilikuwa Alhamisi ya Januari, siku tisa kabla ya mashindano ya kanda. Ubao ulisema arobaini na moja. Hatukuwahi kufika huko. Magodoro yametandikwa, viungo vimepashwa moto, kucha nimezikagua, nywele zimefungwa. Rae-Lynn alikuwa amejiandikia kiganjani "bado 9" kwa wino, nikamwambia akanawe, akanawa akicheka.

Brylee akapanda. Mguu mmoja umesimama mikononi mwa Josie, mwingine kaukunja, mikono juu. Mackenna akahesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Nilikuwa nimesimama mbele yao hatua tatu, natazama, kama kanuni inavyotaka. Kwenye sita mkono wa kushoto wa Josie ukafunguka. Brylee hakuangukia nyuma alikokuwa Mackenna. Alikuja mbele, kichwa kimetangulia. Josie alijirusha kumdaka, akaambulia kiuno. Kichwa kikafika kwenye godoro kabla ya kitu kingine chochote, shingo ikapinda, na kishindo chenyewe hakikuwa kikubwa.

"Kocha D," alisema Brylee akiwa amelala hapo, macho wazi, "miguu yangu iko wapi?"

Nilimwambia ipo. Nilimwambia asijitikise. Nikamtuma Mackenna mlangoni awaongoze watu wa ambulensi, nikapiga magoti, nikamshikilia kichwa kwa viganja viwili kama tulivyofundishwa, nikakaa hivyo dakika kumi na saba nikimwimbia upuuzi. Helikopta ilitua kwenye uwanja wa mpira ikampeleka Lexington. Kuanzia alipoanguka, kila kitu nilikifanya sawasawa.

Ni uti wa mgongo, pale shingoni. Baada ya wiki tatu madaktari walimwambia Bibi Verna kwamba mikono huenda ikarudi kiasi, miguu asiitegemee.

Mji wetu ni mwema mtu akipata msiba. Sahani za kuku na viazi zilijaa barazani kwa Bibi Verna mpaka majirani wakaombwa wapumzike. Makanisa manne, ambayo hayakubaliani hata juu ya maji ya ubatizo, yalikesha kwa zamu kumwombea mtoto mmoja. Lakini wema ule ulikuwa na upande wake wa pili, na upande huo ulimwangukia Josie. Mama mmoja alikuwa amerekodi mazoezi kwa simu. Picha zile zilizunguka wilaya nzima kwa siku mbili. Zilionyesha mkono ukifunguka. Hazikuonyesha kingine chochote, wala mimi simo ndani yake. Watu walitaka wa kumkasirikia, na godoro halikasirikiwi.

"Ndiye yule aliyemwachia," nilimsikia mwanamke dukani akimwambia mwenzake, na Josie yuko pale pale, ameshika chupa ya maziwa.

"Wewe!" nilimwambia yule mwanamke. "Una miaka mingapi?" Josie aliyarudisha maziwa kwenye friji akatoka mikono mitupu.

Jumapili moja mchana baba yake, Dwight Caudill, alikuja kwangu. Alikataa kuingia kwa sababu ya buti zake, akasimama barazani na kofia mkononi.

"Kocha, mimi si mtu wa maneno."

"Najua, Dwight."

"Binti yangu hali chakula. Shule haendi. Jana mtu katemea mate kioo cha gari, na yeye yumo ndani. Mtu mzima, Kocha. Ana ndevu."

"Nani huyo?"

"Nikikutajia utakwenda kumtukana, nami sitaki matusi. Nataka siku bodi ya shule itakapokutana juu ya ajali hii useme. Wewe ndiye kocha. Kama alikosea, sema alikosea, nitamwambia mimi mwenyewe nyumbani. Kama hakukosea, sema hivyo. Ila mtu aseme kitu, maana yeye ameshajihukumu."

Nilimwambia nitasema. Nilisema haraka, kama mtu anayeahidi kurudisha bakuli la jirani. Nilikuwa bado sijajua nitasema nini.

Kesho yake mkuu wa shule, Clay Napier, aliniita ofisini. Alikuwa na wakili wa shule, Bi Whitlow, mwanamke nadhifu mwenye faili nene. Alikuwa amekagua kila kitu: unene wa magodoro, cheti changu, orodha ya waliohudhuria, mdakaji wa nyuma, mimi nilisimama wapi.

"Uko safi kabisa, Bi Stidham," alisema. "Na shule iko safi. Mkono wa mtoto uliteleza. Ni ajali."

"Na ule ubao?"

Clay akageukia dirishani. "Ubao gani?"

"Clay, usinichezee. Dada yako nimembeba mimi mgongoni akiwa na homa."

"Ukuta umepakwa rangi, Darla. Vimetolewa vitu vingi."

"Ubao haukuwa kanuni," alisema Bi Whitlow kwa upole. "Yalikuwa mapambo. Ukiulizwa swali, jibu swali. Usiongeze chumvi, usiongeze sukari."

Nilipita ukumbini. Ukuta ulikuwa mweupe, unanuka rangi. Kanuni zilikuwa zimerudishwa, kumi na mbili zote, ndani ya fremu mpya. Kando yake hapakuwa na kitu. Niliona aibu kwa jinsi moyo wangu ulivyopata nafuu.

Nafuu yenyewe ilidumu mpaka nilipofika kwa akina Caudill. Josie alikuwa jikoni mbele ya sahani ya maharage na mkate wa mahindi ambao hakuugusa. Kifundo cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kimefungwa bandeji.

"Hiyo uliipata kwa kumdaka?"

Akatikisa kichwa. "Jumatatu. Nilimsaidia baba kuteremsha injini."

"Jumatatu kabla ya ajali? Mbona hukuniambia?"

"Ungempa Rae-Lynn nafasi yangu. Hawezi kumshika, Kocha. Tungesema shusha mara kumi."

"Na siku ile yenyewe?"

Aliuvuta mkate, akaumega vipande vipande.

"Kwenye tatu nilijua. Kwenye nne nilijua kabisa. Neno lilikuwa hapa," akagusa koo. "Nikasema moyoni, zimebaki nne tu, nivumilie. Arobaini na moja, Kocha. Mackenna alishachagua rangi ya herufi za jaketi lake. Nikawaza mimi ndiye nitakayekwenda kufuta, na wao wananipigia yale makofi." Akaisukuma sahani. "Miguu ya mtu, Kocha. Nimeitoa kwa ajili ya jaketi."

Nilitaka kumkumbatia nikaona sina haki hiyo. Mama yake aliingia akamkumbatia yeye, na mimi nikatoka kupitia mlango wa nyuma. Nilikaa ndani ya gari langu nikalia kama sijawahi kulia tangu nimzike baba.

Mkutano wa bodi ulifanyika kwenye maktaba ya shule, Jumanne saa kumi na moja jioni. Viti havikutosha. Josie alikaa kati ya wazazi wake, amevaa gauni la kanisani, macho chini. Mwenyekiti wa bodi aliniuliza kama siku ile kanuni za usalama zilifuatwa.

"Kumi na moja zilifuatwa," nikasema.

Bi Whitlow aliinua kichwa.

"Ya kumi na mbili inasema yeyote akiona hatari aseme shusha. Wasichana wangu hawakuweza kusema, kwa sababu mimi niliifanya kuwa aibu. Kulikuwa na ubao. Mmeutoa mkapaka ukuta rangi, lakini ulikuwepo miaka mitatu, na ninyi nyote mliuona mlipokuja kutazama mpira wa kikapu. Nilihesabu siku ambazo hakuna mtoto aliyesema anaogopa, nikaahidi zawadi."

"Bi Stidham, hilo halikuulizwa," alisema Bi Whitlow.

"Mama, mimi nilishafundisha watoto wenye sauti kubwa kuliko yako, niache." Watu wachache walicheka, kisha wakajutia. "Baba yangu wengi wenu mlimjua. Siku ya tisini na sita ya ubao wa mgodi, jiwe lilimponda kidole. Alikifunga na kitambaa, akamaliza zamu, akamwambia mama kimebanwa na mlango wa gari. Wanaume arobaini walikuwa wanasubiri majaketi, hakutaka kuwa yeye wa kuwaharibia. Kidole kikaoza kikakatwa. Nilikuwa na miaka tisa, bandeji nilimbadilishia mimi. Nilijua. Nilipokua nikakumbuka jaketi, kidole nikakisahau."

Nikawageukia walioketi nyuma.

"Josie Caudill aliumia akanyamaza, kama nilivyomfundisha. Kama mnatafuta wa kumtemea mate, gari langu ni lile la bluu, liko nje."

Mwanamume mmoja mwenye ndevu alinyanyuka nyuma akatoka. Mama yake Josie aliweka uso kwenye kofia ya mumewe akalia kwa sauti. Josie hakulia, alinitazama tu, na kwa mara ya kwanza tangu Januari alikuwa amenyoosha shingo. Kabla ya Ijumaa nilikuwa nimeandikiwa barua ya kuachishwa kazi. Sikushangaa, wala sikuipinga.

Nitasema na hili, ingawa halinipendezi: nilijisikia vizuri. Watu walinisimamisha barabarani wakanishika mkono. Mchungaji alinitaja mahubirini, na yule mama wa kipini cha kitovuni akaniletea keki. Nikaanza kujiona mwanamke jasiri. Katika hali hiyo ndiyo nikaendesha gari kwa saa mbili na nusu mpaka Lexington kumwona Brylee, nimwambie mwenyewe kwamba Josie hana hatia. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima.

Bibi Verna alinikuta kwenye varanda ya hospitali. Alinishika uso kwa mikono miwili kwa sababu ya macho yake.

"Nimesikia uliyosema kwa ajili ya yule mtoto," alisema. "Mungu akulipe. Huyu kila siku ananiuliza, Josie yuko wapi, Josie mbona haji. Ingia, mimi nikatafute kahawa."

Brylee alikuwa kwenye kiti cha magurudumu kando ya dirisha, mkanda kifuani, shingo kwenye kola ngumu. Walikuwa wamemkata nywele.

"Kocha D. Umezeeka."

"Na wewe umezidi mdomo."

"Ndio uliobaki unafanya mazoezi."

Nilicheka, kisha nikakaa, nikamwambia yote. Mkono wa Josie ulioumia, Jumatatu, ubao, yale makofi, mkutano. Nilimwambia Josie alijua kwenye tatu akameza neno. Nilimwambia kosa ni langu. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake yote.

"Josie alijua kwenye tatu," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Mimi nilijua kwenye mbili. Mguu wangu uko kwenye mkono wake, Kocha. Ukianza kutetemeka naujua kabla yake."

Sikuwa nimelipanga hilo. "Mbona wewe hukusema?"

"Nilikutazama wewe."

Nesi alipita na kigari cha dawa. Brylee alingoja mpaka magurudumu yaishe kulia.

"Uliutazama mkono wa Josie," alisema. "Niliona kwamba umeona. Nikasema, haya, Kocha kaona, atasema yeye, na yeye hawezi kupigiwa makofi. Halafu ukaniangalia mimi. Ukaweka vidole hivi." Alijaribu kuinua mkono wa kulia anionyeshe. Ulifika kifuani ukarudi mapajani.

Hakuwa na haja ya kunionyesha. Ni ishara yangu ya miaka yote, vidole viwili kwenye pembe za mdomo. Maana yake, tabasamu.

"Basi nikatabasamu," alisema Brylee.

Nilikuwa nimeona. Kwenye nne niliuona ule mkono ukitetemeka, waziwazi, hatua tatu kutoka nilipo. Neno moja lilitosha, na mimi ndiye niliyeliandika ukutani. Niliutazama ubao nikaona arobaini na moja. Nimewaeleza wanabodi, nimemweleza mchungaji, na ninyi nimewaeleza tangu mwanzo kwamba nilikuwa natazama, na kila mara nimeishia hapo hapo.

"Ulisema hilo kwenye mkutano?" aliniuliza.

"Hapana."

"Kwa nini?"

Nilitafuta jibu lisilo la uongo. "Niliogopa."

Alifumba macho. Machozi yalimtoka na hakuweza kuyafuta. Nilinyanyuka na kitambaa, akageuza uso upande kadiri kola ilivyomruhusu.

"Usinifute. Bibi atanifuta." Akavuta pumzi. "Mwambie Josie aje. Mwambie simchukii, aje hata kesho. Wewe usije tena, Kocha."

Nilirudi moja kwa moja mpaka kwa akina Caudill. Nilisimama barazani, nikamwambia Josie kwamba Brylee anamtaka. Kisha nikamwambia na lile lingine, Dwight akiwa nyuma yake anasikia. Josie hakunitukana. Alirudi ndani, akatoka na koti na funguo za gari la baba yake, akapita kando yangu.

Josie huenda kule kila Jumamosi. Bibi Verna ananiambia kwenye simu kwamba wanacheka mpaka manesi wanawanyamazisha, na kwamba mkono wa kulia sasa unafika mdomoni. Wiki moja baada ya kurudi niliiandikia bodi barua ya mistari mitatu, nikasema nilichokiona kwenye nne. Hakuna aliyenijibu, na barabarani watu wameacha kunishika mkono. Lexington sijaenda tena.